Shule za mteremkoni na hesabu ya 2028

Kikao cha kamati ya shule ya msingi katika kijiji cha milima ya Usambara huanza kama vikao vyote vya kamati nchini. Dua au sala, mahudhurio, akidi, muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, anasoma mapato na matumizi: ruzuku iliyoingia, karatasi za mitihani, kitasa cha stoo, bati zilizong'olewa na upepo. Mtu anayepita nje na jembe begani anaweza kudhani hakuna jambo kubwa linalosemwa mle ndani. Lakini ni katika kikao kama hicho inapoamuliwa darasa jipya litakaa upande gani wa mlima, na katika wilaya ya Lushoto uamuzi huo ndio unaotenganisha jengo la miaka hamsini na jengo litakalopasuka ukuta kabla ya masika ya tatu.

Kamati hizi si hisani ya mwalimu mkuu wala ya mwenyekiti wa kijiji. Zimo katika Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978: shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi. Wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao, walimu wanawakilishwa, serikali ya kijiji ina sauti yake, na Afisa Elimu Kata anafuatilia. Nguvu yao hasa ilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalihitajika kila kona, na serikali ikaamua fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kamati isimamie, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mzazi azione.

Tuzitazame hesabu zenyewe. Tangu MMEM, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki ngazi za juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme basi yote ingefika shuleni bila kupungua. Shule yenye wanafunzi 500 ingepata shilingi milioni 5 kwa mwaka mzima. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kila darasa lilikadiriwa shilingi milioni 20. Kwa ruzuku hiyo, shule ingehitaji miaka minne bila kununua hata boksi moja la chaki ndipo ipate chumba kimoja. Kwa hiyo kamati haijengi kwa ruzuku. Inajenga kwa fedha za miradi zinazoshuka kutoka Dodoma, kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari, na kwa nguvu za wananchi. Kazi yake kubwa ni kuwa tayari fedha zinapofika, kwa sababu zikifika huja na tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo mlima unapoingia katika ajenda.

Ramani ya darasa ni moja kwa nchi nzima. Fundi wa Bahi anaifungua kwenye uwanda mkavu, fundi wa Mlalo wilayani Lushoto anaifungua kwenye mteremko ambao mbuzi wenyewe wanapanda kwa hadhari. Bahi wanasafisha kiwanja na kuchimba msingi. Mlalo wanaanza kwa kukata mlima: upande wa juu unachimbwa, udongo unasukumwa upande wa chini, na kinapatikana kipande cha tambarare kinachotosha vyumba viwili. Nusu ya jengo inakaa juu ya ardhi ya asili, nusu nyingine juu ya udongo wa kumwaga. Kama udongo huo haukushindiliwa vizuri, na hakuna ukuta wa mawe wa kuuzuia, mvua ikija unatitia. Ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda hadi kwenye lenta, na mwaka unaofuata kamati inaandika tena barua ya kuomba ukarabati.

Katika makadirio ya gharama, ukuta wa kuzuia udongo mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kukosa fedha, kwa sababu haumo kwenye darasa lenyewe. Vivyo hivyo mtaro wa kukinga maji yatokayo juu, na gata za paa. Mhandisi wa halmashauri anayajua haya, lakini ana miradi mingi na barabara ni mbaya. Mtu anayejua kwa hakika maji yanapopita wakati wa masika ni mama mwenye shamba la maharage jirani na shule. Ameyaona kila mwaka. Kamati inayomwita mama huyo kabla ya fundi kupiga kamba imefanya upembuzi yakinifu wa maana kuliko fomu yoyote.

Kuna pia gharama za kufikisha vifaa. Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu, hadi Lushoto mjini kupitia Soni ni kama kilomita 33 za kona zinazopanda, na mvua kubwa huangusha mawe na udongo barabarani. Kutoka mjini bado kuna safari ya kwenda Mlalo, Sunga au Mtae, huko ukingoni ambako milima inakatika ghafla juu ya tambarare za Mkomazi. Mfuko wa saruji unapanda bei kila unapobadilisha gari, na lori linapokwama mwisho wa njia, mchanga na kokoto vinamaliza safari vichwani mwa watu, wengi wao wanawake. Fungu la darasa ni lile lile. Sioni haki katika kiwango kimoja kwa shule iliyo kando ya lami na shule ambayo tofali hufika kwa miguu, na wakurugenzi wa halmashauri za Lushoto na Bumbuli wana kila sababu ya kulisema hilo bila woga kwenye vikao vya bajeti vya mkoa.

Halafu kuna majira. Mpango wa UVIKO ulizinduliwa Oktoba 2021 na madarasa yakatakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Tarehe hizo zinafaa sehemu nyingi za nchi. Usambara, Oktoba hadi Desemba ni vuli. Ni miezi ya kulima, ya utelezi, ya ukungu unaokaa hadi saa nne asubuhi. Tofali halikauki na zege linahitaji kufunikwa. Watu waliomaliza kazi ile kwa wakati walistahili pongezi zaidi ya walizopata.

Watu wa milima hii wana kumbukumbu ndefu ya mipango inayotoka mbali. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mwaka 1946, serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walilazimishwa kujenga matuta mashambani, na asiyejenga alipata adhabu. Shabaha ilikuwa njema, maana udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi wanawake, na hakuna aliyewauliza wenye mashamba. Wasambaa waliupinga hadi ukafa kabla ya Uhuru. Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, safari hii kwa miti na mistari ya majani ya kulisha mifugo iliyoshika kingo za matuta. Majani yale bado yanaonekana hadi leo kwenye mashamba mengi, kwa sababu ng'ombe wa ndani anayahitaji kila siku. Mbinu ile ile inafaa kingo za viwanja vya shule. Majani na miti ya mgrivelia kwenye ukingo chini ya darasa hugharimu kidogo sana kuliko zege, na watoto wenyewe wanaweza kuyapanda na kuyatunza.

Vyoo vinastahili nafasi ya juu kwenye ajenda kuliko wanavyopenda wajumbe wengi. Kiwango cha wizara ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 500, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 13 ya wasichana na 10 ya wavulana, bila kuhesabu ya walimu. Kwenye mteremko shimo la choo likikaa juu ya chemchemi ya kijiji, shule imejenga ugonjwa. Na tuna mvua nyingi juu ya mapaa yetu. Kila paa la shule Lushoto lisilo na gata na tangi linamwaga maji ambayo mtoto wa kike ataagizwa aende kuyachota bondeni kwa ndoo, saa za masomo.

Kuhusu nguvu za wananchi, mambo yalivurugika kidogo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, baada ya wazazi kubebeshwa michango mingi na watoto wengine kurudishwa nyumbani kwa kutolipa. Alikuwa na sababu. Marufuku ile ilimlinda mzazi maskini, na mwongozo uliofuata ukataka anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi badala ya mwalimu. Lakini katika vijiji kadhaa watu walielewa kwamba shule sasa ni mali ya serikali peke yake. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukalegea, na maboma yaliyofikishwa kwenye lenta yakabaki wazi, yakiota majani ndani. Boma lisiloezekwa mlimani haliwezi kusubiri, kwani mvua mbili zinatosha kuanza kulila. Kusomba mawe ya msingi Jumamosi si kumtoza mtu fedha, na hakuna waraka uliowahi kukikataza kijiji kujenga shule yake kwa mikono.

Sasa hesabu iliyo mbele yetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne wanamaliza la saba mwaka huo huo. Januari 2028 makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja.

Kila bodi ya sekondari ya kata inaweza kupiga hesabu hii leo, kwa kutumia madaftari ya mahudhurio ya shule za msingi zinazoilisha. Majina yapo. Wanafunzi hao wanajulikana wanatoka kitongoji gani na watavuka bonde gani. Huku kwetu umbali haupimwi kwa macho: mtoto anaiona sekondari kwenye kilima cha pili, lakini kushuka na kupanda kunamchukua asubuhi nzima. Na kundi la darasa la sita litakuwa la watoto wadogo kwa mwaka mmoja kuliko tuliowazoea, wakitembea kwenye ukungu wa Juni. Hosteli za wasichana na vivuko vya miguu ni miundombinu ya elimu hapa sawasawa na madarasa.

Jambo moja linanisumbua. Kamati ya msingi na bodi ya sekondari katika kata moja hukaa kila moja kivyake. Lakini darasa la saba likiondoka, shule ya msingi inabaki na vyumba, huku sekondari ya jirani ikifurika. Kama vikao hivyo viwili vingekaa pamoja mara moja tu, na diwani na Afisa Elimu Kata wakiwapo, kata ingejua vyumba vingapi vinaweza kuazimwa, vingapi lazima vijengwe, na wapi pana ardhi ya kutosha kabla haijauzwa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla, na mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo kikao cha kamati cha robo ya Oktoba hadi Desemba ndicho chenye meno. Jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari wa kikao hicho halitafika halmashauri. Mzazi wa Lushoto na Bumbuli, ukisikia tangazo la mkutano wa wazazi, acha palizi ya siku hiyo uende. Uliza mtaro uko wapi, uliza matundu ya vyoo ni mangapi, uliza watoto wetu wa 2028 wamehesabiwa au bado. Na usiondoke mpaka katibu ameandika.