Utando Unaozuia Malaria

Asubuhi za baridi za Julai, huko Marui wilayani Kisarawe, mafuta ya nazi huweza kukutwa yameganda chupani, meupe pe. Ya alizeti, kando yake, bado yanamiminika. Siri ni umbo: molekuli nyingi za mafuta ya nazi zimenyooka, hivyo hubanana kama kuni kwenye mzigo. Za alizeti zimepinda, haziwezi kubanana.

Umbo la molekuli lina kazi mwilini pia. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta wenye tabaka mbili, unene wake takribani nanomita 5. Ukiwa mgumu mno haukunjiki. Ukilegea mno huvuja. Kolesteroli, inayolaumiwa sana kwa maradhi ya moyo, ndiyo inayousawazisha. Hujipenyeza katikati ya molekuli: kwenye joto huzituliza, kwenye baridi huzizuia zisigande.

Ndiyo maana chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa maikromita 8 hivi, hujikunja ikapita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe.

Kimelea cha malaria nacho huingia ndani ya chembe hiyo kwa kupenya utando huo huo. Mwaka 2020, watafiti wa Kilifi, Kenya, na wenzao wa Uingereza walieleza katika jarida la Nature kuhusu kundi la damu la kurithi liitwalo Dantu. Protini zilizobadilika kwenye chembe nyekundu za watu wa kundi hilo huambatana na utando uliokazika zaidi. Kimelea hujishikiza, husukuma, na mara nyingi hushindwa kuingia.

Sasa wanasayansi wanatafakari dawa itakayoukaza utando kidogo tu, kiasi cha kumkinga mtoto dhidi ya malaria kali.