Wizi wa Utambulisho: Jinsi Kesi Zinavyoamuliwa Katika Mahakama za Mombasa

MOMBASA — Mwananchi ambaye kitambulisho, nywila au laini yake ya simu imetumiwa na mtu mwingine kuchukua mkopo au kufungua akaunti ana njia tatu za kisheria za kutafuta haki: kesi ya jinai, madai ya fidia, na malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kila njia hutatua sehemu yake ya tatizo. Anayefuata moja pekee anaweza kuona mhalifu akifungwa huku deni likiendelea kusomeka kwa jina lake.

Mahakama zilizo katika Kaunti ya Mombasa, zikiwemo za Mombasa mjini na Shanzu, ni sehemu ya Mahakama ya kitaifa wala haziko chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo sheria zinazotumika humo ni zile zile zinazotumika kote nchini.

Kesi ya jinai

Hatua ya kwanza ni kupiga ripoti katika kituo cha polisi na kupata nambari ya OB. Maafisa wa upelelezi hukusanya ushahidi, kisha Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huamua iwapo mshukiwa atashtakiwa na kwa kosa lipi. Katiba, katika Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi au katika siku ambayo korti haiketi.

Shtaka hutegemea namna kosa lilivyotendwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29, inamhusu anayetumia kwa hila sahihi ya kielektroniki, nywila au alama nyingine ya kipekee ya kumtambulisha mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyejifanya mtu mwingine, aliye hai au aliyekufa, kwa nia ya kulaghai anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 382 cha Kanuni ya Adhabu. Mashtaka ya kughushi hati au kujipatia mali kwa udanganyifu yanaweza kuongezwa.

Kesi hizi husikilizwa na hakimu. Mshtakiwa akikana, upande wa mashtaka huita mashahidi na ni juu yao kuthibitisha kosa pasipo shaka. Hapo ndipo kesi nyingine huporomoka: kuonyesha kwamba akaunti ilifunguliwa hakutoshi, bali lazima ionyeshwe ni nani aliyeifungua. Rekodi za simu, picha za kamera na alama za vidole huwa na uzito mkubwa. Ushahidi unaochapishwa kutoka kwa kompyuta huhitaji kuandamana na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi ulivyotolewa. Mlalamishi anashauriwa kutofuta ujumbe wowote uliomo katika simu yake.

Si kila kesi hufika mwisho wa kusikilizwa. Mshtakiwa anaweza kukiri, au kuafikiana na upande wa mashtaka kuhusu shtaka atakalokubali, na makubaliano hayo huweza kujumuisha fidia. Mlalamishi naye akitaka kuondoa kesi, ni sharti hakimu aridhike na sababu zake. Asiyeridhika na hatia au adhabu ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Fidia na kusafisha jina

Faini huenda kwa Serikali, si kwa aliyeathirika. Hata hivyo, sheria inamruhusu hakimu anayemtia mtu hatiani kuamuru amlipe fidia aliyepata hasara, na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa mwathiriwa nafasi ya kueleza madhara aliyopata kabla ya adhabu kutolewa. Ni vyema afike na risiti na taarifa za benki.

Madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja yanayoingia katika mamlaka ya Mahakama ya Madai Madogo yanaweza kupelekwa huko, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Tofauti na jinai, hapa hutosha kuonyesha kwamba dai lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli.

Pale ambapo taasisi ilitumia taarifa za mtu bila kuhakikisha ni zake, mwathiriwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria ya mwaka 2019 inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90, na uamuzi huweza kupingwa katika Mahakama Kuu.

Hukumu ya korti haibadilishi rekodi yenyewe. Mwathiriwa anapaswa kuomba nakala iliyoidhinishwa ya hukumu na kuiwasilisha kwa benki, kampuni ya simu na shirika la kumbukumbu za mikopo, akiomba kwa maandishi taarifa zisahihishwe.

Anayeshtakiwa kwa deni lisilo lake

Kosa kubwa ni kupuuza samansi kwa kuwa mtu anajua hakukopa. Asiyejibu kwa wakati anaweza kutolewa hukumu bila kusikilizwa, na mali yake kunadiwa. Anapaswa kuwasilisha utetezi akiambatanisha nambari ya OB na nakala ya ripoti ya polisi. Ikiwa hukumu imekwisha kutolewa, bado anaweza kuiomba mahakama iitengue, bila kukawia na kwa kueleza sababu.

Aliyepoteza kitambulisho anahimizwa kuripoti mara moja, kwani tarehe ya ripoti huweza kumtetea baadaye. Aidha, kwa kupiga *106# mwananchi anaweza kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kuikana mapema asiyoitambua.