Kitanda Kimoja, Wasiwasi wa Wawili

Hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimezoea kubebana: aliyepata kitanda anampokea mwenzake aliyekosa, wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la mtu mmoja. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, yalipunguza shida hiyo, hayakuiondoa.

Godoro peke yake lingevumilika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kasulu au Masasi analala na mengi kichwani: bumu la mkopo halijaingia, sapu ya kurudia mtihani inanukia, na nyumbani wanamtazama kama mkombozi wa ukoo. Mchana vipindi na makelele ya kantini huyafunika hayo. Taa zikizimwa, yanaibuka yote kwa mpigo. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, mwili unagoma kulala. Kesho yake, kwa kuwa hakulala, kila jambo linamtisha zaidi, na usiku unaofuata anapanda kitandani akiwa ameshaanza kukiogopa.

Huyo ndiye anayeitwa mvivu akisinzia darasani. Inaniuma.

Wataalamu wa usingizi wana ushauri mzuri: kitanda kiwe cha kulala tu, na usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, inuka ukakae kwingine mpaka macho yawe mazito. Ukakae wapi? Hosteli, kitanda ndicho meza ya kusomea, ndicho kiti cha mgeni, ndipo inapowekwa sahani ya wali maharage. Ukishuka gizani unakanyaga ndoo, au mtu. Vyuo vikimwachia mwanafunzi mzigo huu peke yake vinamwonea. Chumba cha kujisomea kilicho wazi usiku kucha, hatua chache kutoka bwenini, kingefaa kuliko semina nyingi za afya ya akili.

Yapo anayoyaweza mwenyewe: kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, na kuacha kahawa mapema. Ya saa 12 jioni, hadi saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Kukesha na madesa nako kuna hasara, maana ubongo huyakaza yaliyosomwa mtu akiwa usingizini.

Usingizi ukipotea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, huo ni ugonjwa, na unatibika. Aende zahanati ya chuo au kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya kukimbilia vidonge vya duka la dawa. Tiba inayopendekezwa kwanza ni ya mazungumzo na kubadili mazoea ya kulala.