Mzigo wa Mwenzio: Kuchagua Trela ya Kambi kwa Gari Dogo

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaoketi ndani ya gari tukipiga gumzo hatuhisi taabu ya gari lenyewe linapokokota trela. Katika makala haya, mpenzi msomaji, ningependa tuchunguze jinsi ya kuchagua trela ndogo ya kupigia kambi, yaani ile ambayo watu hulala ndani yake, ikiwa gari la kuikokota ni dogo.

Jambo hili lilinifikia kupitia kwa mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma jua kali. Mteja mmoja mwenye gari dogo alitaka kuundiwa trela ya kwenda na familia yake kupiga kambi Naivasha. Alitaka iwe na kitanda, jiko na tangi la maji la lita 100. Mjomba akaniita: "Wewe si unasoma fizikia? Hebu nipigie hii hesabu."

Trela za namna hii ziko za aina tatu hivi. Ya kwanza ina umbo la tone la maji, na Wamarekani walianza kuziunda katika miaka ya 1930. Ndani mna godoro la watu wawili, na nyuma kuna mfuniko wa kuinua ambao chini yake ndipo penye jiko. Kwa vile ni fupi, hujificha nyuma ya gari na upepo hauisumbui sana. Ya pili ni ya kukunjua. Ikiwa njiani ni kama sanduku tu, lakini mkifika kambini mnainua hema juu yake. Ya tatu ni kijumba kamili chenye kuta ngumu, ambamo mtu anaweza kusimama wima. Hii hupendeza macho, lakini aghalabu ndiyo nzito kuliko zote, na hukinga upepo kama tanga la jahazi.

Je, uchague ipi? Watu wengi huuliza kwanza, "Injini itaweza kuvuta?" Mimi naona swali la kwanza liwe, "Gari litaweza kusimama?" Injini ikishindwa mlimani, mtashuka msukume. Breki zikishindwa kwenye mteremko, hapo hakuna mchezo. Sote tumesikia habari za malori yaliyoua watu pale Salgaa. Trela nyingi nyepesi hazina breki zake zenyewe, kwa hivyo breki za gari ndizo hufanya kazi yote. Ndiyo sababu sheria ya Uingereza husema trela isiyo na breki isizidi kilo 750, na pia isizidi nusu ya uzito wa gari. Gari la kilo 1,000, basi, lisikokote zaidi ya kilo 500. Hata hivyo, soma kwanza kitabu cha gari lako. Kikitaja uzito mdogo kuliko huo, fuata hicho. Kikisema gari halikuundwa kukokota trela, basi tieni hema kwenye buti mwende zenu.

Gari la yule mteja lilikuwa la kilo 1,000. Trela aliyoichora mjomba ingekuwa na kilo 390 ikiwa tupu. "Si tuko sawa?" akauliza. Lo! Kumbe hapo ndipo wengi hukosea, kwa maana trela haiendi kambini tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi likijaa ni kilo 100. Godoro, mtungi wa gesi, betri, vyombo, chakula na gurudumu la spea tukavikadiria kilo 110. Jumla ni kilo 600!

Jambo la pili ni mpango wa mzigo. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, visirundikwe nyuma. Nyuma ikilemea, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki na inaweza kuliangusha gari. Huko Uingereza madereva hushauriwa kwamba uzito unaokandamiza pale trela inaposhikana na gari uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela. Kwa trela ya kilo 480, hiyo ni kama kilo 24 hadi 34. Unaweza kuupima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shikilia usukani imara, wala usikanyage breki kwa ghafla.

Tena usisahau mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa zaidi ya nusu. Hakikisha pia kwamba taa za nyuma zinawaka, matairi yana upepo wa kutosha, na kuna mnyororo wa kuishika trela ikichomoka.

Mjomba alipomweleza mteja, jamaa alikasirika, akasema ataenda kwa fundi mwingine. Mjomba alihitaji ile kazi, lakini akamjibu, "Nenda tu, ndugu yangu. Mimi nachomelea vyuma, sichomelei ajali."

Baada ya siku kadhaa jamaa alirudi. Tangi likaondolewa, mahali pake pakawekwa mtungi wa lita 20. Hapo tukaokoa kilo 80. Vyuma vizito vikabadilishwa kwa vyepesi, na kuta zikawa za plaiwudi, tukaokoa kilo 40 zaidi. Ikawa kilo 480, mzigo na vyote.

Kwa hivyo, msomaji, trela huchaguliwa kwa mizani, wala si kwa macho. Na ipimwe ikiwa imejaa, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyoteremka mlima ikiwa na watu wako mbele yake. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.