Fidia ya utumwa: kuna waliolipwa zamani sana

Wadau, tangu juzi naona mnashikana mashati hapa kuhusu fidia ya utumwa. Huyu anasema Mzungu atulipe kesho asubuhi, yule anasema tuache kuombaomba. Kaeni kitako, uzi huu ni mrefu kidogo. Sitataja mwanasiasa wala chama, mnajua kawaida yangu.

Tuanze na jambo linalowaponyoka wengi: fidia ya utumwa ilishalipwa, tena kitambo. Ila waliolipwa ni mabwana.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni yake mengi, likatenga pauni milioni 20. Hiyo ilikuwa kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima! Pesa zikaenda kwa wenye mashamba ya miwa huko Karibi na kwingineko, kwa kuwa eti wamepoteza mali. Mtumwa mwenyewe hakupata hata ndururu. Wengi walilazimishwa kuendelea kumfanyia kazi bwana yule yule hadi 1838, ati wanajifunza kuwa huru.

Serikali ilikopa ili kulipa, na deni hilo likamalizwa kabisa mwaka 2015. Kwa hivyo mtu akikwambia “hayo ni ya kale, wahusika walishakufa”, muulize mbona deni la kuwalipa mabwana halikufa nao. Serikali si mtu. Inarithi mikataba, inarithi mali, inarithi madeni.

Haiti ndiyo inauma zaidi. Watumwa walijikomboa wenyewe kwa vita, halafu mwaka 1825 Ufaransa ikaja na manowari kudai faranga milioni 150 kama fidia ya walionyang'anywa mashamba na watu. Zilipunguzwa baadaye hadi milioni 90. Waliokuwa watumwa ndio waliolipa.

Sasa turudi nyumbani, maana wengi wetu tunadhani hii ni hadithi ya ng'ambo. Ukipita Kengeleni, Mombasa, jina hilo linatokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Utumwa wenyewe uliendelea Pwani miaka mingi baada ya hapo. Sheria haikuacha kuutambua hadi 1907. Na nadhani mshabahatisha nani alifidiwa. Bwana, tena.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Mwenye madai apeleke madai yake, apewe hati. Aliyekuwa mtumwa jana angepeleka nini? Wengi walibaki wakilima ardhi yenye jina la mtu mwingine, na Wamijikenda wengi yakawakuta hayo hayo. Hawa ndio mababu wa watu tunaowaita maskwota leo.

Mimi hili nalijua kwa macho. Babu yangu mzaa mama alipanda minazi, akaila, akaiuza, kila mtu akijua ni yake. Udongo wa chini ukawa wa mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Babu amezikwa pale pale, na hatuna karatasi hata ya kaburi lake.

“Lakini Waafrika waliuzana wenyewe!” Ndiyo, usikatae. Kulikuwa na wakubwa wa bara walioteka watu, Waswahili na Waarabu walioongoza misafara, na wanunuzi Wafaransa waliofika Kilwa kuchukua watu wa kulima Mauritius na Réunion. Hoja hiyo haimfutii yeyote deni lake. Inaongeza tu wadaiwa, na baadhi yao wako karibu kuliko tunavyopenda.

“Na kesi ya Mau Mau je?” Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa Wakenya 5,228. Lakini hao walikuwa hai, wakaonyesha makovu yao mahakamani. Na hata hapo Uingereza ilisema inasikitika, ikakataa kwamba inawajibika kisheria. Wa utumwa hayuko hata mmoja wa kusimama kizimbani, ndiyo maana suala hili linasukumwa kisiasa zaidi, mfano Umoja wa Afrika ulioufanya 2025 kuwa mwaka wa madai ya fidia.

“Zitaliwa!” Hapo sibishani na mtu, nimeishi Kenya. Ila kuogopa mwizi wa njiani hakumwondolei mdaiwa deni. Isitoshe, fidia si lazima iwe noti. Inaweza kuwa hati za ardhi.

Swali gumu kwangu ni nani atie sahihi kwa Pwani. Uingereza iliyotawala na kuwafidia mabwana? Warithi wa Sultani wa Zanzibar, aliyehesabiwa mwenye ule ukanda wa maili kumi hadi 1963? Au serikali yetu wenyewe, iliyorithi zile hati za 1908 na kuziheshimu hadi leo? Mwanasiasa akisimama jukwaani kudai fidia London, mimi huwa nangoja nisikie atasema nini kuhusu hilo la tatu. Bado nangoja.