Historia na Mazingira Shuleni: Magofu ya Gede (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia mtaala wa Gredi ya 4 nchini Kenya, unaomtaka mwanafunzi aijue kaunti yake kwanza. Leo tuingie Gede, Kilifi, mji wa mawe uliohamwa kufikia karne ya 17 na kumezwa na msitu. Julai 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Shule nyingi huwapeleka watoto pale, wakaonyeshwa msikiti na jumba la mfalme, wakapiga picha, wakarudi. Historia huandikwa kwenye daftari moja, miti na wanyama kwenye jingine. Mgawanyo huo unamnyima mtoto somo lenyewe, kwani Gede haielezeki bila bahari na msitu.

Mpe mtoto kamba apime upana wa vyumba. Atakuta ni vyembamba, hata jumbani. Sasa mwulize: matajiri hawa waliokuwa na vyombo vya kaure kutoka China, mbona walilala katika vyumba vyembamba hivi? Jibu liko Mida, hori ya bahari iliyo karibu, kwenye mikoko yake. Dari zao nzito za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe, na chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Hapo hesabu, historia na sayansi zimekutana ukutani.

Kisha wapeleke kwenye kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Watoto wa madrasa watatangulia kukokotoa umri wake, na wengine watashangaa majibu yakitofautiana kwa miaka kadhaa. Waeleze kwamba mwaka wa Hijria hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11.

Kwa nini watu walihama? Wataalamu wametaja kupungua kwa maji visimani, mashambulizi na mengineyo. Usiwape watoto jibu moja la kukariri. Wachungulie visima, wabishane.

Na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani usiachwe. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umenunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu huo. Huenda mzazi wa mwanafunzi wako ni mmoja wao. Mwalike darasani aeleze kila kipepeo hutaga kwenye mti gani.

Mwalimu, muhula ujao omba siku mbili badala ya moja: ya kwanza Mida, ya pili Gede.