Jicho Halinunuliwi Dukani



Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani Pasiansi. Akaniamkia kwa adabu iliyozidi kiasi, nikajua mara moja kwamba ana shida ya fedha. Sikukosea. Kijana anataka kuwa mpigapicha, na kwa maelezo yake kinachomkwamisha ni simu. "Mjomba," akasema, "hii yangu kamera yake haioni. Nikipata ile yenye kamera tatu, utashangaa mwenyewe."

Nikamwomba anionyeshe alizokwisha kupiga. Zilikuwa nyingi mno. Jiwe la Bismarck asubuhi, Jiwe la Bismarck jua likizama, yeye mwenyewe amesimama na Jiwe la Bismarck nyuma yake. Halafu magari ya watu, viatu vyake vipya, na sahani ya ugali na sato. Picha hazikuwa mbaya, na rangi zilikolea. Lakini ungeweza kuzikuta katika simu ya kijana yeyote kuanzia Kirumba hadi Ilemela, usijue nani kapiga ipi.

Nikamwuliza swali moja tu: "Ya bibi yako iko wapi?" Akainamisha kichwa.

Mama yangu mzazi alituacha miaka miwili iliyopita. Maisha yake yote ya utu uzima aliuza dagaa mwaloni Kirumba. Siku ya msiba tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, tukaambulia moja, ya pasipoti, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Macho kayatoa, midomo kaibana, nyuma yake ukuta mtupu. Tukaikuza hivyo hivyo. Jirani mmoja akanong'ona, "Hivi huyu ndiye yeye?" Ukoo mzima una simu zenye kamera, tena una mwandishi wa habari mwenye stashahada yake, na hatukuwa na picha hata moja ya mama akiwa mama. Simlaumu kijana peke yake. Mimi nilikuwa nikipita mwaloni pale na kumsalimia, kisha naendelea na safari zangu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jicho la mpigapicha: ni kitu gani, na mtu hulipataje.

Tuanze na chombo chenyewe. Kamera, iwe ya zamani ya mkanda au ya simu, ni kisanduku chenye tundu. Mwanga hupita kwenye lenzi na kuandika kila kilicho mbele, bila kubagua. Binadamu hatazami hivyo. Ukimtazama mama yako sokoni, akili yako inamwona yeye na kusahau mengine yote. Huoni nguzo ya umeme iliyo nyuma yake. Kamera inaiona, na picha ikitoka, nguzo imemwota mama kichwani.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, na kazi ya mpigapicha ni kulitundika hilo pazia: kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Sogea hatua moja kulia, nguzo imeondoka. Piga magoti, na nyuma ya mtu wako panabaki anga peke yake. Sogea karibu zaidi, na mikono yake inaanza kuzungumza. Uamuzi huo haumo ndani ya simu, hata iwe ya bei gani.

Kama huniamini, nikupeleke Bamako, mji mkuu wa Mali. Alikuwapo pale mtu aliyeitwa Seydou Keïta, seremala kwa ufundi. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wake alimletea kamera ndogo kutoka Senegal. Akajifunza kidogo kidogo, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Pazia lake la nyuma lilikuwa shuka la kutandika kitandani. Taa yake ilikuwa jua. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, basi.

Fikiri maana yake, msikilizaji. Mtu mwenye nafasi ya picha moja hawezi kubahatisha. Kazi yote ya kutazama huifanya kabla ya kubonyeza: geuza bega kidogo, weka mkono hapa, inua kidevu. Wateja wake walikuwa watu wa mjini wa kawaida, na kila mmoja alitoka katika picha ile akiwa na heshima kamili. Mwaka 1994 picha zile zilifanyiwa maonyesho makubwa Paris. Keïta alifariki mwaka 2001, na hadi leo majumba ya makumbusho ya ulimwengu yanazitunza picha zilizopigwa mbele ya shuka.

Sasa turudi kwetu Mwanza tuzungumzie mwanga, maana huo ndio wino wa picha. Sisi tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi kusini yake. Ndiyo maana katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, ikikaribia saa saba mchana jua linasimama utosini kabisa. Kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake, na macho yake yanageuka mashimo meusi. Wengi wetu hupiga picha saa hizo, kisha tunailaumu simu. Subiri saa kumi na moja jioni, au amka saa moja asubuhi. Jua linakuja ubavuni, na majabali yetu haya ambayo mchana yanaonekana kama magunia ya kijivu yanaanza kuonyesha mikunjo na nyufa zake. Na kama ni lazima upige mchana, mwingize mtu wako barazani au chini ya mwembe, umgeuze uso kuelekea upande mwanga unakotoka. Hilo halina gharama.

Lakini kujua mwanga na kuondoa nguzo bado ni ufundi tu. Je, mtu hupataje mtazamo ulio wake? Jibu langu ni fupi: kwa kurudi. Chagua kitu kimoja, urudi kwake mpaka ukijue. Mtu anayekwenda mwaloni siku moja atarudi na picha ya mitumbwi. Anayerudi mwezi mzima atajua kwamba wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Atajua siku gani akina mama wanacheka na siku gani wamenyamaza kwa sababu bei imeanguka. Huyo ndiye atakayeona jambo ambalo mgeni hatalijua hata akiwa na kamera kumi. Na wawili wakirudi mahali hapo hapo, kila mmoja atasimamishwa na kitu chake. Hicho kinachokusimamisha wewe ndicho mtazamo wako.

Tunaye mfano wa karibu, marehemu Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko huko mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, shirika lake la picha. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Habari za njaa ile zilikwisha kutangazwa kabla, na dunia ilizisikia ikalala. Amin alikuwa ameizunguka Afrika Mashariki na kamera kwa miaka ishirini. Aliwapiga wale watu alfajiri, katika baridi, akikaa na nyuso zao badala ya kupitisha kamera juu ya umati. Picha zilipoonyeshwa tarehe 23 Oktoba, dunia iliamka, na michango ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono. Akafunga wa bandia, akarudi kazini mpaka alipofariki katika ajali ya ndege Comoro, Novemba 1996. Mkono ulikwenda, jicho likabaki.

Jambo moja la adabu, kabla sijasahau. Jiwe la Bismarck halina aibu, lakini mama anayepepeta dagaa anayo. Piga hodi kwanza. Akikataa, salimu na uondoke. Mara nyingi ukirudi siku ya tatu, atakuita mwenyewe.

Basi, mpwa wangu nilimpa masharti. Simu ile ile. Mahali pamoja tu, mwaloni. Picha 36 kwa wiki, kama mkanda mmoja wa enzi zetu, na zikiisha zimeisha. Jumapili achague moja, aniambie kwa maneno yake kwa nini ile.

Jumapili ya kwanza aliniletea picha ya mama yake, yaani dada yangu, aliyerithi meza ya marehemu. Nguzo ya umeme ilikuwapo, pembeni. Ukungu kidogo. Lakini dada ameinamia ungo, anapepeta mchanga kutoka kwenye dagaa, na kifundo cha mkono kimejipinda kwa namna ambayo watu wa pale wanaijua. Nikamwuliza kwa nini kaichagua. Akasema, "Mjomba, bibi alikuwa anafanya hivi hivi."

Nikashindwa kuendelea na somo.

Simu mpya sijamnunulia. Picha ile nimeisafishia, nimeiweka ukutani. Nawe msikilizaji, kabla wiki haijaisha, mtazame mtu mmoja nyumbani kwako akiwa kazini, kisha upige. Tukutane juma lijalo, inshallah.